Umechoma Panga Leo?

Bibi aliikata ndizi katikati kwa kisu cha jikoni, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akaichungulia kama mtu anayechungulia sikio la mtoto. Mahali panapotakiwa kuwa peupe palikuwa na doa la kahawia, kama chai iliyomwagika kwenye shuka. Ndizi yenyewe ilikuwa changa, nyembamba kuliko kidole chake. Lakini ganda lilikuwa la njano kabisa.

"Imeiva," alisema. "Hii imeivaje?"

"Imerushwa darasa, Bibi. Ina akili kuliko mimi."

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, akipuliza moto. Siku nyingine angeniambia nikatafute kazi ya redioni. Asubuhi ile alisimama, akaichukua ile ndizi, akaifinya.

"Umeitoa shina lipi, mama?" alimuuliza Bibi, mkwewe.

"Lile la mzee."

La mzee, yaani lile linaloota kando ya kaburi la Babu, katikati ya kibanja chetu, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Nilicheka peke yangu, kicheko kikaisha, nikabaki na meno nje. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu, na mmoja tu ndiye aliyejua jina la doa lile. Huyo mmoja ndiye aliyekuwa na meno nje.

Wakati huo kwetu Chonyonyo nilijulikana kwa mambo mawili: nilimaliza kidato cha nne kwa daraja ambalo hadi leo linaona aibu kutembea mchana, na nilikuwa na uwezo wa kumwiga mtu yeyote hadi mke wake akaitika. Padri, mwenyekiti wa kitongoji, mbuzi wa mwenyekiti. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, afisa kilimo alipoita kila nyumba ilete mtu mmoja kwenye mafunzo, Mama alinituma mimi. Alisema naandika haraka. Ukweli ni kwamba alitaka kusimuliwa.

Bwana shamba huyo aliitwa Methodius, mtu wa Muleba, mwembamba, mwenye Kiswahili cha taarifa ya habari. Alituambia kuna ugonjwa wa migomba unaitwa mnyauko, umeshafika vijiji vya jirani, na hauna dawa. Alitufanya turudie kama watoto wa chekechea: hauna dawa. Nyuki wanaubeba kutoka ua hadi ua, alisema, lakini mbebaji mkubwa ni chuma. Panga likikata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima, limekwisha kupanda ugonjwa. Basi kabla ya kuhama shina, pitisha panga motoni. Akawasha moto pale nje, akaingiza panga, akaligeuza upande huu na upande ule, taratibu, jasho likimtoka. Niliandika kila kitu. Hadi jasho niliandika.

Jioni nyumbani nilichukua mwiko ukawa panga. Nikafunga jicho moja kwa sababu ya moshi, kama alivyofanya yeye, nikaugeuza mwiko juu ya mafiga kama mshikaki. "Wapendwa wakulima! Panga ni kama mswaki. Je, wewe unaweza kuazima mswaki wa shemeji yako?" Mama alicheka hadi akakalia kapu la maharage. Bibi alivua kitambaa cha kichwani akafutia machozi.

Nikakirudia kichekesho kile dukani. Nikakirudia kwenye kwaya. Haikupita wiki mbili kikawa salamu ya kijiji kizima. Mtu akikutana na mwenzake njiani: "Umechoma panga leo?" Na mwenzake anajibu: "Limeiva, lete pilipili!" Wazee walisalimiana hivyo. Watoto walisalimiana hivyo. Hakuna aliyechoma panga. Maneno ya Methodius yalifika kila nyumba kwa mdomo wangu, ila yalifika matupu, kama mzinga usio na asali.

Mwezi wa pili akafariki Mzee Rwegoshora.

Kwetu, ukitokea msiba, kila nyumba ya jirani inatoa mkungu. Waombolezaji wanakaa siku kadhaa na lazima wale, na kula kwetu maana yake ni ndizi. Vijana ndio wanaozunguka kukusanya. Mimi nilibeba panga la nyumbani, rafiki yangu Ainebyona akasukuma baiskeli ya kubebea. Nyumba nane. Tulianzia kwa Bi Kemirembe kule juu, mjane mwenye kibanja kisafi kuliko altare. Nikakata mkungu mmoja, tukashuka.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Celestina, ambaye mume wake alikuwa vibaruani Kyerwa na watoto watano walikuwa jikoni. Alitupokea getini, jambo ambalo si kawaida.

"Kateni huo hapa mlangoni, msihangaike kwenda nyuma."

Ulikuwa mkungu mchanga, haujajaa. Mtu mwenye kibanja kikubwa vile hatoi mkungu wa aina hiyo msibani. Nilitupa jicho nyuma ya nyumba nikaona majani yamelegea, ya njano, yamening'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshakata. Ainebyona alipokuwa anafunga mkungu kwenye baiskeli, nikaona pale kwenye kidonda cha mgomba vikitokeza vitone vya njano, vizito. Usaha. Neno hilo nilikuwa nimeliandika kwenye daftari.

Celestina aliona nimeona. Akanishika kiwiko.

"Projest, mwanangu," alinisihi kwa sauti ya chini. "Bojo, usiniseme. Wakijua watakuja kukata migomba yote. Hawa nitawalisha nini?"

Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake. Hatua kumi. Ningeweza kwenda kuingiza panga kwenye moto ule na kuondoka. Lakini kuomba moto mlangoni kwake, mbele ya watu wanaopita kwenda msibani, kulikuwa sawa na kupiga mbiu. Nikasimama na panga linachuruzika.

Ainebyona akainua kichwa, anacheka. "Vipi bwana shamba, umechoma panga leo?"

Nimeufikiria mlango ule alionifungulia Ainebyona mara nyingi kuliko ninavyofikiria mtihani wowote. Alikuwa ameniuliza swali lenyewe, kwa maneno yenyewe. Ningejibu tu, "Hapana, bado."

"Limeiva," nikasema, "lete pilipili!"

Celestina alicheka kuliko utani ulivyostahili. Nikalifuta panga kwenye jani, mara mbili, tukaenda nyumba ya tatu.

Ya mwisho ilikuwa yetu. Mama alikuwa ameshachagua mkungu tangu asubuhi. "Rwegoshora ndiye aliyechimba kaburi la baba mkwe wangu," alisema. "Hatumtolei ndizi za kubahatisha." Akatupeleka kando ya kaburi, kwenye shina ambalo Babu alilipanda mwaka alioleta mke. Mkungu mkubwa, umejaa, chana zimebanana. Nilijiambia kwamba jani lilifuta. Nilijiambia kwamba nyumba tano zilizopita katikati ziliumaliza ugonjwa wote, kana kwamba ni wino. Nikakata.

Baada ya mazishi nililirudisha panga mahali pake nyuma ya mlango. Na hapa ndipo hadithi inaponigomea, maana hadi hapo ningeweza kujitetea kwa haraka, aibu, msiba. Jumamosi yake Mama alilichukua kwenda kupogoa majani makavu. Alisimama mlangoni, khanga kiunoni, akalipima kwa kidole gumba.

"Linakata hili?"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nakunywa uji. Hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu. Hapakuwa na Celestina, hapakuwa na Ainebyona.

"Hilo? Lingemnyoa padri ndevu bila maji."

Akacheka, akaingia kibanjani. Siku nzima nilisikia panga lake: shina hili, lile, lile pale. Alipogoa karibu mashina yote. Mama yangu ni mtu asiyeacha kazi nusu.

Kwa hiyo Bibi alipoinua ile ndizi mlangoni, mwezi wa nne, nilijua pia kwamba haitakuwa shina la mzee peke yake.

Methodius alikuja siku ya tatu. Alizunguka kibanja chote bila kusema kitu, na mtu wa Muleba asiposema kitu ujue hali ni mbaya. Alitukuta tumesimama kwenye mibuni.

"Labda ni nyuki, waitu," Mama alisema kwa heshima.

"Ugonjwa wa nyuki unaanzia kwenye ua, mama. Huu umeanzia chini." Alionyesha kisiki kando ya kaburi, pale nilipokata mkungu wa msiba. "Umeingilia pale. Kutoka pale ukatembezwa."

Akaeleza kazi. Kila shina lenye dalili likatwe usawa wa ardhi, liachwe palepale, lisiburutwe. Mbuzi wasiingie. Panga lipite motoni baada ya kila shina, kila moja, hata kama ni mia. Wiki ijayo turudie, na wiki inayofuata. Kisha akanitazama mimi, mwanafunzi wake. "Wewe ulikuwepo. Unajua." Hakuwa ananituhumu. Alikuwa ananitegemea, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Tulianza kesho yake asubuhi. Mama alihamisha mafiga hadi kibanjani, akakaa kwenye moto na mapanga mawili, moja linapata moto, moja liko kwangu. Nilikata shina la kwanza, nikarudi. La pili, nikarudi. Mgomba ukianguka haupigi kelele kama mti. Unashuka polepole, unajilaza, kama mtu aliyechoka kukungoja. Kufikia saa nne jua lilikuwa linatupiga kichwani, mahali ambapo tangu nizaliwe palikuwa na kivuli. Nyumba yetu, ambayo huwezi kuiona ukiwa barabarani, ilikuwa inaonekana. Wapita njia walisimama wakatazama nguo zetu kwenye kamba.

Shina la thelathini na kitu nilimrudishia Mama panga. Nilisema haraka, kabla sijapata cha kuchekesha.

"Mama, ni mimi. Panga lilikata kwa Celestina siku ya msiba. Niliona ni mgonjwa. Sikulichoma."

Alichukua panga, akaliingiza motoni. Hakuniangalia.

"Na siku ile nilipokuuliza kama linakata. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaligeuza panga upande huu. Akaligeuza upande ule. Jicho moja alilifumba kwa sababu ya moshi. Alikuwa anafanya kile nilichokifanya mimi kwa mwiko, hatua kwa hatua, na jasho likimshuka hadi kidevuni. Nilingoja anitukane. Nilimwomba Mungu anitukane.

"Limeiva," alisema, akanikabidhi. "Nenda lile pale."

Lile pale lilikuwa la mzee. Bibi alikuwa amekaa juu ya saruji ya kaburi tangu asubuhi, amenyoosha miguu, mkono mmoja kwenye mgomba kama anavyoushika ukuta anapoinuka.

"Hili liache," aliniambia. "Hili nililipata nikiwa bi harusi. Nikatieni mengine yote."

"Bibi, ndilo linaloumwa kuliko yote."

"Hata mimi naumwa kuliko nyote hapa. Umenikata?"

Nilitazama nyuma. Mama alikuwa ameinamia moto. Nikamwinua Bibi kwa kwapa, akawa mwepesi kama kapu, nikamkalisha upande wa pili, ameupa mgomba mgongo. Akalisikia panga. Alichukua tu jani moja lililoanguka, akalikunja mara nne, akalitia kifuani.

Hadi mwezi wa saba tulikuwa tumebakiwa na migomba isiyofika kumi. Tulipanda mihogo na mahindi kati ya mibuni. Mama alipika ugali, Bibi akala, akanawa mikono, akakaa akingoja. Siku ya kwanza nilidhani anangoja maji. "Nimeshiba," alisema, "ila sijala." Akarudia hivyo kesho yake. Amekuwa akirudia hivyo hadi sasa, mchana na jioni, bila kinyongo, kama mtu anayetoa taarifa, na kila akisema khanga yake inazidi kumzunguka, maana anakonda. Kwa Celestina pia palibaki wazi. Na nyumba tano za katikati. Watu wanajua ni panga gani. Nilizunguka mwenyewe kuwaambia, mlango kwa mlango. Wawili walinifukuza. Mmoja alinipa kiti, na kile kiti kilinichoma kuliko kufukuzwa.

Mwezi wa tisa akafa Mzee Ambrose, kule ng'ambo. Ainebyona akaja na baiskeli na panga, akasimama getini kwetu, akakitazama kibanja, akashusha macho.

"Shikamoo, mama. Nimepita tu. Najua nyie hamna."

"Marahaba. Nani kasema hatuna?" Mama alisema.

Aliingia jikoni. Akatoka na chungu kikuukuu cha Bibi, amekijaza makaa mekundu, juu ameweka kuni mbili. Akanipa mimi. Kiliniunguza viganja, nikakishika hivyohivyo hadi alipoleta matambara.

"Nyumba hii inatoa moto," alisema. "Mtaanza nao na mtamaliza nao."

Basi tukapanda, Ainebyona na baiskeli mbele, mimi nyuma na chungu, moshi ukiniingia machoni. Wa kwanza alikuwa Bi Kemirembe, kama siku ile. Kibanja chake kilikuwa kimesimama kizima, kijani hadi kinatia wivu. Alikuwa getini, amekingama na fimbo yake, na alinitazama mimi, si Ainebyona.

"Mmechoma panga?" aliuliza.

Niliusikia ule utani ukija, ukafika kwenye ulimi, ukangoja. Ainebyona aliangalia chini. Hakuna aliyecheka.

"Shikamoo, Bi Kemirembe," nikasema. "Bado. Tunachoma sasa hivi."

Nikapiga magoti nje ya geti lake, nikapuliza makaa.