Saba Mbili, Tano Hakuna

Nilikuja Kizota kumshika mtoto. Mjukuu wangu Sidonia alikuwa amepewa wiki mbili za majaribio kwenye karakana ya kufunga kamera za ulinzi, na mtoto wake Anitha ana miezi minne, bado ananyonya. Mwenye karakana, dada aitwaye Shakila, alisema, "Basi bibi aje naye. Kona ipo." Hakuna aliyemlazimisha. Hiyo kona aliifagia yeye mwenyewe, akatandika mkeka.

Siku ya mwisho ya majaribio walikuwa na kamera nane za kufunga kwenye ghala la alizeti ng'ambo ya barabara. Zikienda vizuri, Sidonia anaajiriwa. Zikienda vibaya, tunarudi wote Hombolo kupalilia zabibu. Si kazi mbaya, nimeifanya maisha yangu yote, lakini siyo aliyoisomea yeye.

Asubuhi alinionyesha. Chini ya kila kamera kuna kifuniko, na ndani yake swichi nane nyeupe, ndogo kama punje za mtama.

"Hapa ndipo namba yake inapowekwa, bibi. Kamera zote zinatumia waya mmoja, kwa hiyo kila moja lazima iwe na namba yake ya kuitiwa. Swichi ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, ya tatu ni nne, ya nne ni nane. Kila moja ni mara mbili ya jirani yake. Zilizopandishwa unazijumlisha."

"Na tano?"

"Moja na nne." Akapandisha ya kwanza na ya tatu kwa ncha ya bisibisi. Ya pili akaiacha chini.

"Kumbe mnahesabu kwa kuruka."

"Tunaruka, bibi," akasema, akacheka.

Mchana aliitwa ghalani kusaidia kuvuta waya. Nilibaki peke yangu na mtoto begani, kamera nane zimelala mezani, vifuniko wazi. Upepo ulikuwa ukivuma nje, ule upepo wetu wa vumbi jekundu, na bati la paa likawa linapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Vumbi liliingia. Nikainuka, nikawa nazipangusa kamera kwa ncha ya kanga, moja baada ya nyingine. Usingizi ulikuwa umeshanifika machoni. Mtoto alikuwa wa moto na mzito, pumzi yake shingoni kwangu, na sikujua tena yupi kati yetu anamlaza mwenzake.

Naona kama niliona safu ya swichi yenye pengo. Naona kama kidole changu kilienda polepole, kikaliziba. Nilisikia raha, kama mtu anayemfunga mtoto wa jirani kifungo alichosahau.

Sidonia akarudi mbio, akakaza vifuniko, na Noeli, kijana anayepanda nguzo, akaja kuzichukua.

"Shikamoo, mke wangu," akaniambia.

"Marahaba, mume usiyeleta hata sukari."

Saa kumi tulikuwa kwenye ua wa ghala. Shakila alikaa ndani kwenye kioo kinachoonyesha picha za kamera, akawa anaita kupitia dirishani kila namba anayoijaribu. "Moja!" Kamera ya getini ikageuka. Mbili, tatu, nne, zote zikaitika. "Tano!" Kimya. Sita ikageuka. "Saba!"

Zikageuka mbili. Moja juu ya mzani, nyingine kona ya mbali, zikienda pamoja taratibu, kama alizeti mbili zinazofuata jua moja. Nilizitazama nikasahau nilipo. Zilikuwa nzuri sana.

"Hizo zimeoana!" Noeli akapiga kelele. "Fundi wa nepi umefungisha ndoa!"

Sidonia hakucheka. Shakila akatoka nje.

"Uliziangalia?"

"Niliangalia, bosi. Tano niliiweka tano."

"Kwa hiyo imejigeuza yenyewe?"

Sidonia akainama. Hapo ndipo kidole changu kiliponikumbusha. Sikuwa na hakika. Ningeweza kunyamaza, nani angemfikiria bibi kizee wa kwenye mkeka?

"Shakila mwanangu," nikasema, "nadhani ni mimi."

"Bibi, acha," Sidonia akaninong'oneza. "Usinitetee."

"Sikutetei. Nilikuwa nasinzia. Kama sikuota, nimeigusa."

Shakila akanisogelea. Hakupandisha sauti. "Ulisukuma ipi, bibi?"

"Ya pili. Ya kwanza na ya tatu zilikuwa juu, hiyo ya katikati yao ilikuwa chini. Nikadhani imesahauliwa."

Akahesabu kwa vidole vyake. "Moja, mbili, nne. Saba." Kisha akamgeukia Sidonia. "Na wewe ulifunga kifuniko bila kuangalia tena."

"Nilifunga bila kuangalia," Sidonia akajibu. Hakunitazama hata kidogo, nami nikajua ni kwa makusudi.

Noeli alikuwa ameshainua ngazi.

"Hapana," Shakila akasema. "Apande mwenyewe."

Sidonia akajifunga kitenge kiunoni, akapanda hadi kwenye ile ya kona, akafungua kifuniko na kuishusha swichi ya pili. Noeli, aliyekuwa akimcheka, aliishika ngazi kwa mikono miwili, hakutania tena. Shakila akaninyooshea mikono. "Nipe mtoto, bibi, ukae." Akampakata Anitha, mwenye mate na vumbi, juu ya blauzi yake safi.

Umeme wa kamera ukazimwa, ukawashwa, ili isome namba yake upya. Kamera ikajizungusha mara moja kama mtu anayeamka, ikatulia. Shakila akaenda kwenye kioo na mtoto mkononi.

"Tano!"

Ikageuka peke yake. Ikatazama mzani, ikatazama ukuta, ikapita polepole hadi vilima vya mbali ambako hakuna chochote cha kulinda.

Shakila akajaribu saba, kisha nane, halafu akarudi kwangu wakati Sidonia bado yuko juu anakaza skrubu.

"Jumatatu aje na viatu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hizo ndala zitamwangusha."

Angeweza kumwambia mwenyewe. Aliniachia mimi. Nikasimama chini ya ngazi kumsubiri ashuke.