Machozi ya Camille

Mwalimu Urbain alipiga makofi mawili. "Inatosha!" Camille akaacha kulia papo hapo, kama bomba lililofungwa, akauliza kama leo amefaulu.

"Umefaulu wapi!" Urbain yalikuwa yamemfika shingoni. Kisangani ilikuwa bado ikiitwa Stanleyville, na wiki tatu sasa walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wa wafalme wa Kiingereza wa kale katika ukumbi wa shule. Camille, mwalimu mdogo aliyepewa nafasi ya mwovu anayenyemelea taji, aliwasaliti wenzake kwa sura ya mtu anayeumwa jino. Kulia alijua, kudanganya hakujua. "Kwanza msifu unayetaka kummaliza," Urbain alimfokea. "Msifu mpaka mwenyewe aone haya. Kisha lia. Kisu kije mwisho, tena kwa masikitiko!"

"Ndiyo, Papa Urbain," Camille alijibu, kwa adabu iliyozidi kumuudhi.

Agosti ya 1964 waasi wakauteka mji. Mkuu wa shule akakimbia, kiti chake kikabaki wazi, na kila mtu alijua atakayekikalia ni Urbain, na asipokuwepo Urbain, Camille. Haikupita wiki, Urbain akaitwa mbele ya kanali wa waasi. Alimkuta Camille amekwisha fika.

"Mon colonel," Camille alisema, mkono kifuani, "huyu mutu iko papa yangu. Yote niko najua, iko yeye alinifundisha. Hakuna mwalimu wa kumufikia." Chozi likashuka. "Bon... ile mufalme mubaya wa mchezo yake iko wewe, anakucheka. Mimi nilimukataza. Hakusikia."

Kwa neno kama hilo watu walikuwa wakipelekwa mtoni, wasirudi. Lakini kilichompanda Urbain kwanza hakikuwa hofu, kilikuwa hasira. Wiki tatu za kupasua koo, na mpumbavu huyu anakuja kuiva leo! Na mpishi ni nani, kama si yeye mwenyewe?

"Mwalimu, weye unasema nini?" kanali aliuliza, kalamu juu ya karatasi.

Aseme nini? Mtu mkweli aliyesingiziwa katika mchezo wake alipiga kelele hapo hapo, na kelele zile ndizo zilizomponza. Alimtazama Camille. Alikuwa bado analia, analia tu, amepitisha kiasi, kosa lake lile lile la kila siku. Uvumilivu ukamwishia Urbain. Akapiga makofi mawili.

"Inatosha!"

Machozi yakakatika papo hapo. Camille akamgeukia mwalimu wake, uso umetulia, akingoja kusikia kama amefaulu.

Kanali akaweka kalamu chini.