Wembe wa Kumnyolea Henning

Baba alipopata habari kwamba kaka yangu Henning amezama kwenye vizimba vya samaki huko Norwei alikofanya kazi, hakulia. Aliinuka mezani, akaacha mkate wake na jibini, akaenda kufungua kabati la nyembe. Nilijua mara moja anachotaka, na nikachukia.

Sisi ni watu wa Solingen, mji wa Ujerumani wa mafundi wa visu na nyembe. Babu alitengeneza nyembe, na baba naye alitengeneza nyembe mpaka vumbi la jiwe la kunolea likamharibia mapafu. Mtaani kwetu mwanamume mwenye ndevu alitazamwa kama mwashi asiye na nyumba. Henning alipokataa kurithi karakana, baba alinuna, akavumilia. Alipofuga ndevu, baba akamwambia asikanyage kwetu mpaka azitoe. Henning akajibu kwamba ule wembe aliopewa na baba siku alipomaliza shule ameshautupa mtoni, akabeba begi lake akaenda zake. Hawakusemezana tena. Salamu zote zilipitia kwangu, kana kwamba mimi ndiye posta.

"Baba, tunakwenda kumchukua, hatuendi kumnyoa," nilimwambia.

"Atalala karibu na mama yake. Mama yake hakuwahi kumwona na ndevu."

"Mama ameshakufa."

"Basi nitampelekea mtu atakayemtambua."

Alitandaza taulo mezani akazipanga nyembe. Mimi nilimletea mashine ya umeme ya mume wangu. Hiyo, akasema, ni ya kukatia majani. Wembe wa kishikio, unaobadilishwa makali, aliuita wa makarani. Mwishowe akachukua wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe nyeusi, wa mwisho kuutengeneza kabla hajafunga karakana. Aling'oa unywele wake mmoja, akaugusisha kwenye makali, ukakatika bila kuvutwa. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu simu ile ipigwe, na tabasamu hilo liliniudhi kuliko machozi.

"Basi uweke kwenye sanduku kubwa, liende chini ya ndege na mizigo," nikasema.

"Wautupetupe kama viazi? Wembe mpya haushikwi na mtu mwingine kabla haujafanya kazi yake ya kwanza. Unakaa kifuani kwa fundi."

Ndivyo walivyofanya mafundi wetu wote, kila walipompelekea mteja wembe. Lakini wao walikwenda kwa miguu au kwa treni. Baba hakuwahi kupanda ndege maishani mwake.

"Watakunyang'anya, baba."

"Wataona nimevaa nguo za msiba."

Kweli waliona. Kijana wa ukaguzi kwenye uwanja wa ndege alimpa pole kwa adabu, kisha akaukunjua wembe na kuyapapasa makali kwa kidole gumba.

"Usiguse makali, mjinga wewe! Utayaua!"

"Mzee, samahani, huu haupandi ndege."

"Ni wa mwanangu."

"Pole sana, mzee."

Wembe ukaangukia kwenye pipa, juu ya mikasi na chupa za maji. Baba alibaki amenyoosha mikono kama wakati anapekuliwa, mpaka nikamshika mkono nikamvuta.

Kule Bodø, mji wa Norwei alikolazwa Henning, duka la bandarini lilikuwa na nyembe za plastiki tu, za rangi ya waridi, zile za wanawake kunyolea miguu. Baba alinunua pakiti nzima bila kunitazama. Nikadhani aibu ya zile plastiki itamrudisha nyuma. Haikumrudisha.

Chumba cha maiti kilisimamiwa na muuguzi aitwaye Ragnhild, aliyejua Kijerumani cha shuleni. Alifunua shuka, na Henning alikuwa pale, na ndevu zake pana nyekundu, zimechanwa vizuri.

"Mwache, baba. Nakuomba. Alizipenda."

"Nipe sabuni."

Akaomba mkasi, akafyeka ndevu za shavu la kulia, kisha akaanza kukwangua. Plastiki ilizibwa na nywele, ikavuta ngozi, ikakwama. Akatupa moja, akachukua nyingine. Shavu lilitokea jeupe, limechubuka kama kuku aliyenyonyolewa vibaya. Nilimchukia baba yangu saa ile, nasema wazi.

Ragnhild, ambaye hakuweza kutazama, alikuwa ametoka. Aliporudi alishika mfuko.

"Samahani. Vitu vyake, kutoka kabati lake la kazini."

Mlikuwa na funguo, sweta, na kifuko cha ngozi. Baba alikifungua. Ndani mlikuwa na wembe wa kukunja wenye alama ya karakana yetu. Bapa lake lilikuwa limekonda kwa kunolewa miaka na miaka, lakini makali yalinyooka, na chuma kimepakwa mafuta.

Baba aliinamia shavu la kushoto, lile ambalo hakuwa amelifikia. Juu ya ndevu, kuelekea sikioni, ngozi ilikuwa laini na mpaka umenyooka. Alipitisha kidole taratibu.

"Amejinyoa kwa huu," akasema. "Plastiki haiwezi mstari huu. Aliniambia ameutupa."

"Alikuwa na hasira, baba."

Akageukia shavu la kulia. Kisha akaanza kuokota nywele kutoka kwenye beseni, nyekundu, zenye povu, akazishika kiganjani, akizitazama kana kwamba kuna mahali pa kuzirudisha.

"Rosi, nifanye nini?"

Hakuwahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia:

"Huwezi kumzika nusu. Malizia."

Akamalizia kwa wembe wa Henning. Shavu la kushoto halikupata hata mkwaruzo. Machozi yalimdondokea Henning usoni na baba akayafuta pamoja na sabuni.

Wakati wa kurudi aliuweka wembe kwenye sanduku kubwa mwenyewe, akalikabidhi kwa binti wa kaunta. Tulimzika Henning karibu na mama, uso mtupu, na mimi sikumtambua.

Tangu siku ile baba hanyoi ndevu. Wenzake wa baa humtania, "Ewald, nyembe zimekuishia?" naye hunywa bia yake. Kila Jumapili huchonga mpaka wa shavuni kwa wembe wa Henning, basi. Kichwa chake ni cheupe, lakini ndevu zimetoka nyekundu kama za Henning. Nyumbani kwetu hakuna aliyelijua hilo, kwa sababu hakuwahi kuziacha ziote.