Nati ya Nane

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu katika ndoa ilikuwa kushika tochi. Ukimulika pabaya unagombezwa. Ukimulika panapotakiwa hushukuriwi, unaambiwa tu usitingishike. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa ghala siku tano za wiki, na siku mbili zilizobaki alikuwa chini ya gari. Hakusomea ufundi. Alijifunza kwa kuharibu, kama mimi nilivyojifunza kushona, ila shati likiharibika halizibi mlango wa choo miezi miwili.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ya njia za mawe na makorongo. Mwaka huu aliamua kuiinua. Akang'oa springi za zamani, akaweka ndefu na ngumu, ikapanda juu mpaka majirani wakaiita Twiga na kuniuliza kama ngazi yake inauzwa kando. Nikawajibu: mume wangu ni mfupi, mwacheni naye aone mbali.

Alikuwa na utaratibu wake. Nati akiizungusha kwa mkono mpaka ikashika, aliitia nukta ya rangi. Akishaikaza kwa spana iliyovishwa kipande cha bomba, akaining'inia mpaka ulimi ukatoka nje, aliichora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili ikilegea mstari ukatike na jicho lione. Rangi ilikuwa ya kucha. Yangu. Nyekundu, niliyoinunua kwa harusi ya mdogo wangu, nikapaka vidole vitatu tu kabla haijahamia kwenye sanduku la vifaa.

Springi za nyuma hubanwa kwenye ekseli, mhimili wa magurudumu, kwa vyuma vilivyopinda, viwili kila upande, na nati nane kwa jumla. Jumapili ile, saa nne asubuhi, alitoka chini ya gari ana grisi mpaka masikioni, akasema, "Imebaki moja. Ngoja ninywe maji kwanza."

Nikamwambia, "Moja yako huwa wiki mbili."

Alicheka. Akafika mlango wa jikoni, akashika fremu, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Daktari alisema ni moyo.

Miezi mitatu sasa. Sijalia. Watu walinisubiri nilie mpaka wakachoka, wakalia wao. Nilishona sare za shule, nikapika, nikalala. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, basi. Na ile nati sikumwambia mtu. Twiga alisimama uani, nami kila nilipopita na beseni kwenda kuanika, nilijua imebaki moja.

Jumamosi akaja shemeji, mdogo wake marehemu, fundi wa pampu za maji, mtu ambaye hata akimeza chakula anaongea. Alikuwa na pampu ya kupeleka kwenye shule moja juu mlimani, ambako gari la kawaida haligusi. Binti yangu angekwenda naye kumwandikia vipimo.

"Shemeji, leo Twiga atembee," akasema. "Akiendelea kusimama hapa ataota mizizi."

"Umemkagua?"

"Nimeingia mpaka mgongo umeniuma. Nati zote nyekundu. Kaka alimaliza kazi yake."

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo nilikuwa nao, ulimi ulikuwemo. Nikavuta droo ya cherehani, nikatoa ufunguo.

"Chukua," nikasema.

Nikarudi kwenye kola ya shati. Nikawasikia wakipakia pampu, shemeji akimtania binti yangu kwamba akae katikati, upepo usije ukambeba. Injini ikawaka. Nilijua vizuri kinachoweza kutokea kwenye mteremko, springi ikisogea na ekseli ikaenda upande. Nilijua kama mtu anavyojua bei ya kitu asichonunua. Nikaendelea kushona.

"Mama!" binti yangu akaita kutoka juu ya kiti. "Tochi ya baba iko wapi? Tunaitaka ya kumulika kisimani."

Ilikuwa juu ya kabati. Nikaichukua, nikatoka nayo, nikafika kwenye gari. Nilitaka kumpa. Lakini mkono uliozoea kitu miaka kumi na tisa haumuulizi mwenyewe. Ukaiwasha. Nikajikuta nimeinama nyuma ya gurudumu la kushoto, namulika panapotakiwa.

Mistari mitatu. Nukta moja.

"Zima gari," nikasema.

Shemeji akashuka. "Kuna nini? Si zote nyekundu?"

"Nyekundu ya nukta na nyekundu ya mstari ni watu wawili. Hiyo haijakazwa."

Akachungulia, akanyoosha mkono, akaishika. Ilizunguka kwa vidole viwili. Akanitazama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Akamtazama binti yangu pale juu, akanirudia mimi. Akajifuta vidole kwenye suruali. Nikampa tochi.

Nikalala chali juu ya gunia, nikaingia chini. Nikavisha spana, nikavisha bomba, nikavuta.

"Niachie mimi, shemeji," akasema. "Mimi nina uzito."

"Wewe mulika. Na usitingishike."

Ilikubali robo, ikakataa. Nikaweka mguu kwenye ekseli, nikaning'inia. Ikakubali kidogo tena, kisha ikawa kitu kimoja na chuma. Binti yangu alikuwa ameshuka, amechuchumaa pembeni.

"Mama," akasema polepole, "umetoa ulimi."

Nikaurudisha ndani.

Rangi ilikuwa imegandia kwenye chupa. Shemeji akadondoshea tone la petroli, nikaikoroga mpaka ikalainika. Nikachora. Mistari saba ya marehemu ilikuwa imepinda kama njia ya mlevi. Wangu ulinyooka kama mshono.

"Kila mkisimama, chungulieni," nikawaambia. "Mstari ukikatika, msiende mbele hata hatua."

"Sawa, Mama Fundi," akasema shemeji, bila kucheka.

Twiga akatoka getini, kichwa juu, akaacha mahali alipokuwa amesimama pakiwa na madoa ya oili na majani makavu. Nikaingia jikoni, nikamimina maji, nikayanywa yote nikiwa nimesimama mlangoni. Kilio hakikuja. Nikashika fremu, nikakaa chini taratibu, pale pale.

Sakafu ilikuwa baridi. Hilo nililisikia.