Watu wa Ruthaka Hawajaketi

Jumanne asubuhi Mumbi aliteremka basini Woolwich, London, akanunua mkate na maziwa ya Mheshimiwa, mzee aliyekuwa akimtunza, akakuta foleni imefika mpaka mlangoni mwa jengo lake. Ilianzia chini ya kengele za wapangaji, ikafuata ukuta wa duka la dawa, ikakata kona kuelekea sokoni. Wengi walikuwa wazee. Wanawake walijifunga vitambaa vichwani, wanaume walivaa makoti mazito ya enzi zile kahawa ilipokuwa na bei. Mbele kabisa alisimama mtu mrefu ameinua picha ya Mwalimu Rugendo iliyotiwa fremu. Kioo cha fremu kilikuwa na udongo mwekundu kwenye pembe.

Mumbi aliwatambua. Alimwona fundi cherehani aliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule, akafa kabla sare haijachakaa. Nyuma ya fundi alikuwa bibi wa jirani, aliyezikwa Mumbi akiwa tayari Uingereza, ameshindwa kupata nauli ya kwenda matangani. Akawaamkia wote, akaomba njia.

"Unaenda kwake?" fundi aliuliza.

"Ndiyo, baba. Ndiko ninakofanya kazi."

"Mwambie tumefika."

Mheshimiwa Harrison Kabuthia alikuwa ameketi dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi mapajani. Sukari ilikuwa imemla mguu mmoja na ilikuwa inautazama wa pili. Alikuwa mbunge wa Ruthaka kwa miaka mingi, mpaka jimbo lilipokatwa na kugawanywa, kisha watoto wake wakamleta London kutibiwa. Watoto wakahamia Kanada, yeye akabaki na dirisha na Mumbi.

"Umewaona?" aliuliza.

"Nimewaona, Mheshimiwa. Wanasema wamefika."

"Rugendo yuko?"

"Picha yake iko."

"Basi niwekee chai," alisema. "Na leo usisahau tangawizi. Jana ulinipa maji ya moto yaliyovaa rangi."

Mumbi akacheka kidogo, akaenda jikoni. Alimpenda mzee huyu, na kumpenda kwenyewe kulimtia aibu.

Mara ya kwanza Kabuthia alishinda kwa haki. Alizunguka Ruthaka nzima kwa baiskeli, akalala kwenye nyumba za watu, akala walichokula. Alileta bomba la maji, na mpaka leo maji hutoka. Mara ya pili alishinda kwa sababu ya bomba. Mara ya tatu alishinda kwa sukari na blanketi, ambazo watu walizipokea wakijua ni za nini. Kisha ukaja mwaka wa themanini na nane, mwaka wa mlolongo.

Mwaka huo masanduku ya kura yaliondolewa. Kila mpigakura alitakiwa kusimama mchana kweupe nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wake, naye ofisa apite akihesabu vichwa. Uwanjani Ruthaka, nyuma ya picha ya Kabuthia walisimama chifu, karani wa kiwanda cha kahawa na jamaa zao. Wote wangeenea kwenye pikapu moja. Mstari wa Mwalimu Rugendo ulitoka nje ya uwanja, ukapita kanisani, ukateremka mpaka mtoni. Mama yake Mumbi alikuwa humo, na Mumbi mwenyewe, mtoto asiyehesabiwa, alikuwa ameng'ang'ania sketi yake. Ofisa alihesabu mpaka mtoni na kurudi. Alimwendea Kabuthia, wakanong'onezana. Kisha akapanda juu ya meza akatangaza kwamba Kabuthia ameshinda.

Watu wa mstari mfupi walikwenda nyumbani, wakaketi, wakala nyama. Watu wa mstari mrefu walipofika kwao waligundua kwamba hawawezi kuketi. Walitembea vizuri, walilima, walibeba mizigo, lakini mwili ulikataa kiti na ukakataa kitanda. Tangu siku ile walikula wamesimama na kulala wameegemea ukuta. Seremala wa Ruthaka aliacha kutengeneza vigoda akahamia milango. Kanisani waliondoa mabenchi, na mchungaji akashukuru kwamba sasa nafasi imeongezeka. Mwalimu Rugendo alifundisha akiwa amesimama, akafa amesimama ubaoni na chaki mkononi. Na kwa kuwa hata majeneza yao hayakukubali kulazwa, makaburi ya Ruthaka yalianza kuchimbwa kama visima.

Mumbi alikua akidhani ndivyo mama wote wa dunia walivyo. Alipokwenda shule ya bweni, akamkuta mama wa rafiki yake ameketi kwenye kochi, alimwonea huruma. Alidhani mama yule anaumwa.

Saa ya chakula alishuka sokoni kumpigia mama yake simu. Mzee Mbarouk, Mzanzibari aliyeuza muhogo na ndizi mbichi pale, alimsogezea kreti tupu akae.

"Leo watu wako wamenizibia meza, bibie," alisema. "Tena hawanunui. Wanangoja n'ni?"

"Kuhesabiwa, Mzee Mbarouk. Walipiga kura wakaambiwa wao ndio wachache."

"Ah." Mbarouk aligeuza muhogo mmoja mkononi kama anayepima hoja. "Sie baada ya Mapinduzi hatukusumbuliwa kusimama. Miaka na miaka tukiletewa matokeo majumbani, kama mgonjwa anavyoletewa uji. Haya, piga simu yako."

Mama alipokea upesi, kama mtu ambaye simu iko mkononi.

"Mama, daktari amesemaje?"

"Amesema moyo umechoka, nilale. Nikamwambia daktari, mimi ni wa mstari mrefu. Ni kijana, ametoka mbali, hakuelewa. Akaita manesi wakanifunga kitandani kwa mikanda."

"Halafu?"

"Halafu nikasimama na kitanda. Wee, nilishikwa na haya! Kitanda chenyewe ni cha serikali."

Mumbi alicheka, na mama akacheka, kisha pumzi ya mama ikakatika, ikachukua muda kurudi.

"Mumbi, si uko na Kabuthia kila siku? Yule ofisa alishakufa. Aliyebaki mwenye kujua hesabu ya siku ile ni yeye. Mwambie atuhesabu tu, atamke."

"Na akitamka kwamba Rugendo ndiye alishinda, itasaidia nini sasa? Rugendo hayupo."

"Mambo ya Rugendo ni ya Rugendo. Mimi nataka kulala, mtoto wangu. Hata mara moja kabla sijaenda. Nikienda hivi nilivyo, nitakuja huko kujiunga na wenzangu, na nasikia huko kwenu ni baridi."

Foleni haikuondoka. Waingereza waliokuwa wakipita waliingia nyuma yake bila kuuliza ni ya nini. Bibi mmoja alisimama tangu asubuhi mpaka wakati wa chai, akasema inakwenda vizuri, akaenda zake. Kaunsili ilituma mtu aliyeweka vizuizi vya chuma na kuchora mstari wa manjano barabarani, watu wa Ruthaka wasogee ndani yake. Walisogea. Walikuwa watu watiifu, na ndiyo maana walikuwa pale.

Kila siku walikuwa karibu zaidi. Siku moja mwenye picha alikuwa ndani ya mlango wa jengo. Siku iliyofuata alikuwa kwenye ngazi, watu wakiwa wamepangana nyuma yake, kila mmoja kwenye kidato chake. Maji ya bomba la Mheshimiwa yalianza kutoka mekundu, yakiacha udongo chini ya bilauri. Chumbani kulinuka kaburi lililochimbwa baada ya mvua. Mheshimiwa hakulisema hilo. Aliomba tu Mumbi afungue dirisha, na baadaye akaomba lifungwe.

Mumbi alijipa moyo siku aliyokuwa akimkata kucha, kwa sababu akimkata kucha hakulazimika kumtazama usoni.

"Mheshimiwa, mama yangu ni wa mstari mrefu."

"Najua. Wewe ni binti wa Gathoni wa karibu na mashine ya unga. Alisimama kando ya kisima cha kanisa, amevaa sweta ya kijani."

Mkono wa Mumbi ulisimama. "Unamkumbuka?"

"Nawakumbuka wote. Unadhani mimi nilikuwa natazama wapi siku ile? Nilikuwa natazama mgongo wa nani uko wapi." Alimnyooshea Mumbi mkono wa pili. "Ofisa aliniuliza, Mheshimiwa, nisome upi? Nikamwambia, wewe una watoto, mimi nina watoto. Akaelewa."

"Mama anaumwa. Daktari anataka alale. Anaomba uwahesabu tu, useme ilivyokuwa. Ni maneno tu, Mheshimiwa."

"Maneno tu," Kabuthia alirudia. "Msichana wangu, mimi sijawahi kuwa na kitu kingine."

Mumbi akamaliza kucha.

Asubuhi iliyofuata mwenye picha alikuwa nje ya mlango wa chumba. Hakubisha. Fremu tu ndiyo iliyogonga mbao, kila alipopumua. Mheshimiwa alikuwa ameshavaa suti yake ya bungeni, ile ya kijivu, na alikuwa amejaribu kufunga tai.

"Nishushe," alisema.

Mumbi alimfunga tai. Alipompigia mama simu, simu haikushikwa, akampigia jirani wa mama, akamwomba aiweke simu yake sikioni kwa mama. "Mama, anashuka kuwahesabu." Hakusikia jibu, alisikia pumzi tu. Akaitia simu mfukoni bila kuikata.

Walianzia kwa mwenye picha. Mumbi alisukuma kiti kwenye korido, wakashuka kwa lifti wakisimama kila ghorofa, wa ngazini wakisogea kumpa mkono, wakatoka mlangoni, wakafuata foleni yote kandokando ya vizuizi. Kabuthia alikuwa mtu mwingine. Uso ulimng'aa. Alimshika mkono kila mtu, akamwita kwa jina la baba yake, akaulizia ng'ombe waliokwisha kufa na mashamba yaliyokwisha kuuzwa. Alimtania fundi cherehani kwamba bado anamdai suruali. Watu walicheka. Wanawake wawili walianza kupiga vigelegele kabla hawajakumbuka yeye ni nani. Na kila aliyemshika mkono alimhesabu, kwa sauti, bila kuruka hata mmoja. Mumbi, nyuma ya kiti, alisikia machozi yanamshuka, akayaacha yashuke kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Walipofika mwisho, sokoni, mbele ya meza ya Mbarouk, Kabuthia aliomba ageuzwe awatazame watu. Soko likanyamaza. Hata mwuza simu alizima redio yake.

"Mstari wa Mwalimu Rugendo nimeuhesabu wote," Kabuthia alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye ngazi za jengo. "Ni mrefu. Sijaona mrefu kama huu."

Watu wa Ruthaka walivuta pumzi. Magoti ya baadhi yao yalilegea kidogo.

Kisha Kabuthia, kama ilivyo desturi, akageuka kuutazama mstari wa pili. Nyuma yake alikuwa amesimama Mumbi, ameshika vishikio vya kiti.

"Na mstari wangu ni huu," alisema. "Mmoja." Akarudisha uso mbele, akakaza tai. "Basi aliyeshinda ni Harrison Kabuthia."

Magoti yalinyooka tena. Mtu mmoja alikohoa, udongo ukamdondoka kwenye kola. Mumbi aliachia vishikio akaruka kando.

"Mimi sikusimama hapa kupiga kura!" alisema. "Nilikuwa nasukuma kiti!"

"Ukishahesabiwa umehesabiwa, binti," fundi alisema bila ubaya. "Hiyo ndiyo sheria yake."

Mbarouk alitikisa kichwa, akaanza kupanga ndizi upya. Mumbi akamrudisha mzee nyumbani, maana hakuna mwingine wa kumrudisha. Kwenye lifti Kabuthia alikuwa mdogo tena, suti imemzidi.

"Nilitaka kusema lile lingine," alisema. "Nilikuwa nalo hapa ulimini. Nilipofungua mdomo likatoka lilelile."

Mumbi alitoa simu mfukoni. Ilikuwa bado wazi, lakini pumzi haikusikika.

Jirani alipiga baadaye kusema kwamba mama amekwenda, akiwa ameegemea ukuta wa jikoni, na kwamba vijana wameshaanza kuchimba, kwa kwenda chini.

Mumbi hakuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Siku ya pili baada ya mazishi alikuja kazini kama kawaida, akamkuta mama yake mwisho wa foleni, karibu na meza ya Mbarouk. Alikuwa amevaa sweta ya kijani. Mbarouk alikuwa amempa kikombe cha chai, naye alikuwa anakipuliza.

"Kweli ni baridi," mama alisema. "Mbona umekonda hivi? Hawakupi chakula?"

"Nakula, mama."

"Haya, ingia hapa mbele yangu. Nimekushikia nafasi."

Mbele ya mama palikuwa na pengo. Bibi wa jirani aligeuka akakunja uso. "Gathoni, huyo alihesabiwa kule kwa Kabuthia! Sote tulisikia."

"Alikuwa kazini," mama alisema. "Wewe hukuwahi kufanya kazi?"

Foleni ilinung'unika kidogo, halafu ikaacha. Mumbi aliwaza habari ya kodi ya chumba na ya miguu yake, ambayo ilikuwa bado mizuri. Aliinua macho dirishani. Mheshimiwa alikuwa pale, akiwapungia watu mkono. Mumbi akaingia kwenye pengo. Palimtosha barabara, hata mabegani. Mama akamwekea mkono mgongoni, na wakasimama hivyo mpaka kikombe cha chai kikaisha.

"Basi nenda, utachelewa," mama alisema. "Mzee hajanywa dawa."

Mumbi akapanda juu, akampa Kabuthia dawa, akamwosha, akampikia, akamsomea gazeti akiwa amesimama kando ya kitanda. Jioni akashika basi la kurudi kwake. Viti vilikuwa vitupu karibu vyote. Mwanamke mmoja aliondoa mfuko wake kwenye kiti cha jirani, akakipigapiga kumkaribisha. Mumbi alimshukuru kwa adabu, akakamata nguzo, na basi likaondoka.