Nyayo za Jikoni

Fundi wa makabati alitupangia mfano wa jiko letu jipya kwa matofali kwenye sakafu yenye vumbi la saruji: sinki chini ya dirisha, jiko la gesi kona ya pili, friji karibu na mlango.

"Mama, fumba macho upike chai," akaniambia. "Vumbi litanionyesha miguu yako inapita wapi."

Nilimwona hamnazo, lakini nikafumba. Ajabu, chumba kisicho hata na bomba kikajaa mvuke. Nikakinga maji yasiyokuwepo, nikasikia sufuria ikianza kuimba, nikageuka kuchukua majani ya chai, pu! nikamgonga mume wangu kifuani.

"Mwanaume wewe! Miaka kumi na tisa unasimama katikati ya jiko kama nguzo!"

"Nakupigisha stori tu, mke wangu," akajibu, kama kawaida yake.

Nikamfukuza nje. Fundi akasawazisha vumbi kwa ubao, nami nikafumba macho upya. Nikapika taratibu, kama naelea, nikamimina vikombe viwili. Raha iliyoje, peke yangu!

Nilipofumbua macho, fundi alikuwa amechuchumaa, anakuna kichwa. Nyayo zangu zilitoka kwenye sinki zimenyooka, zikafika katikati, zikapinda, zikazunguka patupu, ndipo zikaendelea na safari.

"Mama, hapa ulikuwa unakwepa nini? Mbona hakuna kitu?"

Nikatazama dirishani. Mume wangu alikuwa juani, mikono nyuma, anasubiri nimwite.

"Paache hivyohivyo," nikamwambia fundi. "Hapo pana mwenyewe."