Mara Sitini na Moja

Hakuna mtu katika timu aliyewahi kumwita Dinah "Friji" usoni, lakini jina alilijua. Alilisikia siku moja akiwa ameinama nyuma ya gari la mtu akifunga viatu, na hakuhitaji kuelezwa. Friji hugandisha. Na yeye, kwenye fainali ya mwaka uliopita, wenzake watatu wakiwa kwenye vituo wakisubiri apige mpira wapate kukimbia, aliganda kweli. Alizungusha gongo mara tatu, mara tatu likapita kwenye hewa tupu, na kombe likabebwa na wengine.

Alikuwa muuguzi wa miaka arobaini na miwili, mkazi wa Thamesmead, kusini-mashariki mwa London. Softiboli, mchezo ulio ndugu wa besiboli, alifundishwa na wenzake wa kazini mwaka wake wa pili London, wakati Jumapili zilikuwa ndefu na hana wa kuzungumza naye. Kila wiki alipanda treni mbili mpaka uwanjani Croydon, na safari hiyo haikuwahi kumchosha. Baada ya fainali ile ilianza kumchosha.

Jumamosi, siku moja kabla ya nusu fainali ya mwaka huu, mvua iliwakatizia mazoezi wakakimbilia kibanda cha kubadilishia nguo. Hapo kapteni wao, Allan, dereva wa tramu aliyekulia Nakuru, akasoma mpangilio wa wapigaji wa kesho. Dinah alikuwa wa nane. Allan akaongeza, kwa sauti ya upole iliyomuuma Dinah kuliko kama angefoka, kwamba mambo yakikaza kwenye zamu ya mwisho, Njenga, mchezaji wa akiba, ataingia mahali pake. Kuna watu wa saa ya moto na kuna watu wa saa nyingine, alisema, na kila mtu ana faida yake.

Dinah tayari alikuwa ameamua kwamba jioni hiyo atatuma ujumbe kusema amepangiwa shifti.

Aliyejibu ni Mzee Mitesh. Huyu alizaliwa Mombasa, akafanya kazi ya takwimu za bima miaka thelathini, na sasa alikuwa mstaafu wa Queensbury aliyekuja kila mechi kwa sababu binti yake Kavita alichezea timu. Hakuwahi kushika gongo. Kazi yake ilikuwa kuketi kwenye kiti cha kukunja na kuandika kila pigo katika daftari.

Alimwomba Allan amwambie saa ya moto ni ipi hasa. Allan alicheka, akasema kila mtu anaijua. Mzee akasema kitu kinachojulikana na kila mtu hakishindwi kupimwa, basi wakubaliane: zamu mbili za mwisho, timu zikiwa zimepishana kwa alama moja au zikiwa sawa. Allan akakubali. Mzee akavaa miwani, akalowesha kidole, akaanza kufunua kurasa za misimu minne. Mvua iligonga bati, watu wakanywa chai yao wakingoja.

"Dinah amepiga katika saa ya moto mara sitini na moja," alisema mwishowe. "Kumi na tisa amefika kituo. Saa za kawaida, mara mia mbili na kumi na mbili, amefika sitini na sita. Pigeni hesabu. Kote kuwili ni thelathini na moja kwa mia."

Allan aliuliza, kwa kujiamini, namba zake yeye mwenyewe zikoje. Mzee akamsomea: arobaini kwa mia saa ya moto, arobaini kwa mia saa za kawaida. Akamwambia kwamba yeye ni mpigaji mzuri siku zote, na huo moto haumwongezei kitu. Allan hakulipenda hilo. Alisema namba hazioni mikono ya mtu ikitetemeka. Yeye alisimama karibu na Dinah siku ile ya fainali na akaiona. Mzee hakubisha. Alikiri hata kwamba mara sitini na moja ni chache, kwamba huenda moyo wa mtu ukaongeza au kupunguza kidogo na daftari lake lisiweze kukiona hicho kidogo. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba hakikuwa kikubwa kiasi cha kumtoa mtu uwanjani.

"Mikono yangu hutetemeka kila mara," Dinah akasema.

Wote wakamgeukia. Yeye mwenyewe alikuwa anashangaa.

"Hata tukiongoza kwa alama kumi, Allan. Hutetemeka tangu naokota gongo. Ni siku ile tu ndiyo mliniangalia mikono."

Alijisikia kama mtu aliyeshusha mfuko mzito bila kukumbuka aliupakia lini. Kwa miezi kumi alikuwa amejihesabia kosa moja kama ndiyo tabia yake. Mapigo kumi na tisa hakuwa akiyakumbuka hata moja, na hakuna aliyewahi kumpa jina kwa ajili ya mapigo hayo. Alimwomba mzee daftari, akazisoma tarehe moja moja kwa kidole. Pigo moja kati ya yale lilikuwa ndilo lililowapeleka kwenye fainali yenyewe.

Allan aliichukua karatasi yake ya mpangilio, akaikunja, akaiweka mfukoni. Alisema yeye bado anaamini saa ya moto ipo. Lakini Njenga atabaki benchi.

Jumapili jua lilitoka. Zamu ya mwisho iliwakuta nyuma kwa alama moja, wenzake wawili wakiwa kituo cha pili na cha tatu, na mchezaji mmoja ameshatolewa. Zamu ya kupiga ilikuwa ya Dinah. Mikono ilitetemeka kama kawaida yake. Aliuacha mpira wa kwanza upite. Wa pili aliupiga kwa nguvu zake zote, ukapaa juu, ukaenda mbali kabisa, na mlinzi wa nyuma akaukimbilia na kuudaka.

Alikuwa ametolewa. Lakini mpira ulipodakwa kule mbali, mwenzake wa kituo cha tatu alichomoka, kama kanuni inavyoruhusu, akaingia nyumbani kunakohesabiwa alama, na timu zikawa sawa. Wa kituo cha pili naye akasogea hadi cha tatu. Kavita akafuata, akapiga mpira mfupi uliopita katikati ya walinzi wawili, na mechi ikaishia hapo, wakiwa wameshinda.

Wakati wa kukusanya vifaa, Allan na Mzee Mitesh walikuwa wameinamia daftari. Mzee alisema pigo la Dinah halikumfikisha kituo, kwa hiyo haliwezi kuhesabiwa kati ya yale mazuri. Allan, ambaye jana alikuwa tayari kumtoa, sasa alishikilia kwamba huo ndio uthibitisho mkubwa kuliko wote kwamba Dinah ni mtu wa saa ya moto, na kwamba kalamu inayoshindwa kuliandika hilo haifai kuitwa kalamu. Wakamwita Dinah awaamulie.

Alisema wataamua wenyewe. Yeye ana treni mbili. Kisha akamuuliza Allan, akiwa tayari amepachika begi begani, kama fainali angeweza kupiga wa nne, nafasi ya wapigaji wanaotegemewa. Allan alifikiri kidogo, akasema ataangalia kama hata nafasi ya tatu iko wazi.